Sabufa ya Baba

Natangaza kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa Ihembe na vitongoji vyake, kwamba mimi Asiimwe, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni, mpiga ngoma wa kwaya na mtaalamu wa sauti za kila namna, nimerejea nyumbani kwa likizo.

"Mtaalamu!" Mama aliita kutoka jikoni. "Maganda ya ndizi yanamngoja ng'ombe."

Basi mtaalamu akabeba karai la maganda. Hivyo ndivyo asubuhi zangu zilivyokwenda: maganda kwa ng'ombe, maji kutoka bombani, kufagia uwanja wa kuanikia kahawa, kisha kumtania mdogo wangu Joviness mpaka acheke au alie. Ana miaka saba, na mara nyingi alianza kwa kucheka.

Jumapili ilikuwa na utaratibu wake. Tukitoka misani hatukubadilisha nguo. Tulikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba lilipoegeshwa gari la Baba, Carina nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya udongo wetu. Tangu Baba afariki mwaka uliopita, gari lile halikuwahi kutoka uani. Mama alikaa mbele, mimi na Joviness nyuma. Mama alichomeka flashi kwenye redio, na Baba akaanza kuimba.

Baba alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya ya kigango. Kwenye wimbo waliourekodi mjini Kayanga kuna mahali ambapo wenzake wote wananyamaza, naye anabaki peke yake, chini kabisa. Spika ndogo za milangoni zilikuwa zimechoka. Sauti yake ilitoka kwenye sabufa, ile spika kubwa ya besi aliyoifunga mwenyewe ndani ya buti. Ulimsikia kwa mgongo, kupitia kiti, kama mtu aliyekuegemea. Wimbo ukiisha, Mama alifuta macho na kusema, "Haya, tukale."

Likizo ile nilikuta sabufa inakoroma. Nilifungua buti nikaichunguza kwa uso wa daktari bingwa. Pete ya raba inayoishikilia karatasi ya spika ilikuwa imelegea, na mahali pamoja imechanika kidogo. Dawa niliijua. Ngoma yetu ya kanisani ikilegea kwa baridi, tunaiotesha moto wa majani makavu ya migomba; ngozi inakaza, ngoma inalia. Kwa hiyo chochote kinachotoa sauti lazima kikazwe. Spika huwezi kuiotesha moto, basi nikatafuta gundi, ile kali inayokauka ikawa ngumu kama kucha. Niliipaka pete yote kuizunguka, kisha nikarudia. Sikumwuliza mtu. Nilitaka kuwashangaza Jumapili.

Walishangaa kweli. Wimbo ulianza vizuri, sauti za kina mama zikapaa. Wenzake Baba wakanyamaza, nasi tukasubiri. Badala ya Baba tulisikia kitu kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Kisha kwaya nzima ikarudi, utadhani hapakuwahi kuwa na mtu pale katikati.

Mama alirudisha wimbo mwanzo. Akaongeza sauti. Nzi akalia zaidi.

"Labda flashi imeharibika," nilisema haraka.

Mama alizima redio, akaweka mikono juu ya usukani. "Hata hiki kidogo nacho kimetutoka," alisema, kisha akaingia ndani. Siku hiyo hakusema tukale.

Alasiri nilimkuta Joviness shambani, amechuchumaa kwenye maharage, hachumi kitu.

"Kaka, nikuambie jambo? Usimwambie Mama."

"Sema. Mimi ni kaburi."

"Nilimwambia Kampire wa jirani kwamba nimeanza kusahau sura ya Baba. Nikifumba macho haji." Alikwangua udongo kwa kidole. "Nadhani alinisikia. Ndiyo maana ameondoka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ni maneno machache tu: Baba hajaondoka, ni gundi. Lakini mdomo wangu, ambao bwenini uliwahi kumwaminisha mlinzi kwamba kuna chui bwaloni, ulikataa.

"Acha ujinga," nilimwambia. "Marehemu hana masikio marefu hivyo."

Hakucheka.

Jumapili iliyofuata alikataa kuingia garini. "Mimi nakaa nje," alisema. "Nikiwa nje, labda atawaimbia nyinyi." Akaenda kukaa chini ya mibuni na gauni lake la misani, ametupa mgongo. Mama alimwita mara kadhaa, hakugeuka. Tulisikiliza nzi sisi wawili, halafu Mama akainamisha kichwa juu ya usukani, mabega yakawa yanatikisika. Nilitazama nje ya dirisha kama abiria asiyehusika.

Katikati ya juma alifika Shangazi Immaculata kutoka Kaisho, kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya kaka yake. Shangazi anafundisha fizikia sekondari.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, bwana mkubwa. Mbona umekonda, au umeacha kula chakula cha wenzako?"

Kwa kawaida ningemjibu. Siku hiyo nilichukua begi lake nikaingia nalo ndani.

Mama alimweleza habari za wimbo. "Wifi, nimempoteza mara ya pili," alisema. Shangazi alivua viatu vya safari, akaenda kwenye gari, akafungua buti na kuinama kwa muda mrefu.

"Asiimwe, njoo. Sukuma hapa katikati, taratibu."

Nilisukuma karatasi ya spika kwa vidole. Haikusogea, kama ukuta.

"Sauti nene inataka karatasi iende mbali na kurudi polepole," alisema. "Pete hii ndiyo inayoiruhusu. Ikikakamaa, karatasi inabaki kutetemeka harakaharaka hapohapo. Sauti nyembamba inatoka. Nene haitoki."

"Lakini ngoma si hukazwa ndiyo ilie?" Nilishtuka nikiwa nimekwisha kusema.

Shangazi alinitazama. "Ngoma, ndiyo. Hii si ngoma. Pete nayo ikilegea mno, karatasi inapigapiga na kukoroma. Inatakiwa kushikwa bila kubanwa." Alipitisha kidole juu ya pete. "Nani aliipaka gundi?"

"Nahisi," nilisema kwa sauti ya padri, "ni marehemu mwenyewe, enzi za uhai wake."

Nilimsingizia Baba. Shangazi aliangalia kidole chake kisafi, akafunga buti.

Kesho yake alikwenda Kayanga, akarudi na pete mpya ya raba, laini kama sikio la ndama. Aliibandua ile ngumu, akabandika mpya kingo zake tu, akaiacha ikauke. Jumamosi mchana tukaingia garini, Mama na Shangazi mbele, mimi nyuma peke yangu. Joviness alikuwa chini ya mibuni.

Wimbo ulianza. Kwaya ikanyamaza. Na Baba akaja, kutoka chini, akaniegemea mgongoni. Mama aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Shangazi, ambaye hakuwahi kulia mbele yetu hata siku ya mazishi, alilia kwa sauti.

"Joviness!" Mama aliita dirishani. "Mwanangu, njoo! Baba anaimba!"

"Nimemsikia!" Joviness alijibu kutoka mbali. Alikuwa amesimama, anatabasamu huku machozi yanamtiririka. "Si niliwaambia? Anaimba kwa sababu nimekaa nje. Mimi nitakuwa nakaa huku."

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa. Shangazi aligeuka, akanitazama katikati ya viti viwili.

"Kila kitu ndani ya buti lile kina vumbi jekundu la mwaka mzima," alisema polepole. "Ile gundi haikuwa na vumbi hata chembe. Kaka yangu hakuipaka."

Nilitafuta mzaha. Sikuupata.

"Sikiliza, mwanangu. Kukaza pete ni kutojua, na kutojua kunafundishika. Ndiyo kazi yangu. Lakini ulipojua umekosea ukanyamaza, kosa halikukaa kwako. Lilitafuta mtu wa kulibeba, likampata mdogo kuliko wote hapa nyumbani. Unamwona pale? Ukweli ungekugharimu aibu ya siku moja. Sasa nenda."

Uwanja wa kahawa si mkubwa, lakini niliuona mkubwa. Nilipiga magoti mbele ya Joviness ili tulingane.

"Baba hakuondoka," nilisema. "Hakukukasirikia. Mimi ndiye niliyeipaka spika gundi, ikakakamaa, sauti yake ikashindwa kutoka. Nilijua tangu siku ile ya maharage. Nilimwogopa Mama."

Alinitazama usoni. "Kwa hiyo hakusikia nilichomwambia Kampire?"

"Hata kama alisikia, hakuondoka. Ilikuwa gundi. Ilikuwa mimi."

Alinipiga ngumi kifuani, ya pili, ya tatu, analia, nami sikujikinga. Kisha akapita pembeni yangu akakimbilia garini. Nilimsikia akimwambia Mama arudishe wimbo mwanzo.