Boliti Tano za Familia Moja

Asubuhi katika nyumba ya seremala huanza kwa kelele. Binti mdogo anatafuta kiatu kimoja. Binti mkubwa anasema hajakiona, kumbe amekikalia. Bibi yao, mama mzazi wa seremala, anawagombeza wote wawili. Mke wa seremala anafunga mabunda ya nguo. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na ndiye dereva wa nyumba. Kila siku huwapakia watoto na mabunda yake, hushuka mteremko mrefu wa mtaa wao, kisha huingia barabara kuu.

Nyumba hiyo ina desturi yake. Kazi ya nyumbani hufanywa na wote. Mlango ulipopakwa rangi, kila mtu alipaka ubao wake. "Kidole kimoja hakivunji chawa," seremala hupenda kusema. Ni desturi nzuri. Lakini si kila kitu ni mlango.

Siku moja seremala alirudi na kifurushi kizito. Ndani kulikuwa na spesa mbili. Spesa ni bamba nene la chuma, la duara, lenye matundu. Huwekwa kati ya gurudumu na habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Spesa husogeza gurudumu nje kidogo.

"Gari letu litapanua mabega," alisema seremala. "Litasimama kama gari la watu."

"Kwani sasa ni gari la kuku?" mkewe akauliza. "Na boliti zake ziko wapi?"

"Muuzaji amesema hizi hizi za zamani zinatosha. Nikaze tu mpaka mwisho."

Natamani ningemjua muuzaji huyo nimwambie la moyoni! Bamba ni nene kama kidole gumba, na boliti ni zile zile fupi. Seremala angeambiwa apigilie ubao mnene kwa msumari mfupi, angecheka. Kwa mbao alikuwa na akili. Kwa gari alimwachia muuzaji afikiri badala yake.

Jumamosi alilipandisha gari kwa jeki. Akatoa magurudumu ya nyuma. Habu zilikuwa na kutu, lakini hakuzisugua. Aliweka spesa juu ya kutu, na gurudumu juu ya spesa. Kisha akazitazama boliti. Kila gurudumu lilikuwa na boliti tano, na familia ilikuwa na watu watano.

"Hii ni ishara njema," alisema. "Kila mtu akaze yake. Tuanze na wakubwa."

Bibi akatangulia. Alizipaka boliti zote mafuta ya cherehani ili ziwe laini, akakaza ya kwanza kwa nguvu alizojaliwa. Seremala alikaza ya pili, iliyokuwa jirani yake. Alisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili. Mkewe akakaza ya tatu, binti mkubwa ya nne. Binti mdogo alining'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, akasema ya tano imekaza. Wakapiga makofi. Wakafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Jumatatu mshonaji aliposhuka mteremko alisikia mlio nyuma, upande wa kushoto. Gu, gu, gu. Jioni, wakiwa mezani, alimwambia mumewe.

"Ni barabara tu," seremala alisema. "Mashimo yamezidi."

"Nalijua kila shimo la barabara ile. Hili si shimo."

Jumanne mlio ulizidi, na kiti kikaanza kutetemeka. Jioni mshonaji alisema tena.

"Mke wangu, masikio yako yamezoea cherehani," seremala alimjibu. "Kila kitu kwako kinalia."

Watoto wakacheka. Bibi naye akasema, "Mtu akichoka husikia mengi, mwanangu. Kalale."

Hapo ndipo ninapokasirika. Anayeliendesha gari kila siku ni nani? Aliyekalia kile kiti kinachotetemeka ni nani? Hakuna aliyeinuka kutoka mezani kwenda kulishika gurudumu kwa mkono, na gari liko hatua kumi kutoka mlangoni. Ilikuwa rahisi zaidi kumcheka mwanamke.

Jumatano mshonaji alishuka polepole akiusikiliza mlio, na katikati ya mteremko mtu akamsimamisha. Alikuwa jirani yao, mama wa makamo, fundi wa magurudumu katika gereji ya mabasi. Mtaa mzima humwita Mama Spana. Alisimama mbele ya gari, mikono juu.

"Zima gari! Washushe watoto!"

"Kuna nini, dada?"

"Gurudumu lako linacheza ngoma. Nimeliona tangu ukiwa kule juu. Mpigie simu mumeo."

Seremala alifika mbio, vumbi la mbao likiwa kichwani. Bibi alifuata nyuma akihema.

"Shikamoo, mama," Mama Spana alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia seremala, na sauti ikabadilika. "Shemeji, nani alifunga haya magurudumu?"

"Sisi sote!" binti mdogo akadakia kwa fahari. "Hii hapa ni yangu."

Mama Spana aliishika boliti hiyo kwa vidole viwili. Ikazunguka bila spana. Akahesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Boliti ikatoka, ikalala kiganjani mwake.

"Mizunguko mitatu!" alifoka. "Shemeji, mizunguko mitatu ndiyo iliyowabeba watoto hawa kwenye barabara kuu! Boliti inatakiwa iingie angalau mizunguko minane. Ukiongeza spesa, unaongeza urefu wa boliti. Urefu uongezeke sawa na unene wa spesa. Wewe ni seremala, hujui msumari mfupi?"

"Muuzaji alisema..."

"Muuzaji hapandi gari hili! Mkeo ndiye anayelipanda. Yeye alisema nini?"

Seremala alitazama chini. Mshonaji alijibu mwenyewe. "Nilisema mara mbili. Nikaambiwa nina masikio ya cherehani."

"Ungekuwa na masikio ya mumeo, leo tungekuwa tunalia," Mama Spana alisema.

Hawakuliendesha tena gari hilo likiwa hivyo. Pale pale Mama Spana alizitoa spesa na kurudisha magurudumu kama yalivyokuwa mwanzo, kwa boliti zile zile, kisha gari likarudi nyumbani polepole. Siku mbili baadaye alikuja na boliti ndefu, ili spesa zirudishwe kwa njia sahihi.

"Chini ya kichwa chake pawe na umbo lile lile la tundu la rimu, hiki chuma cha gurudumu," alieleza. "Tundu lililopinda kama bakuli halitaki kichwa kilichochongoka kama pia. Tena isizidi urefu, isije ikagusa vyuma vya ndani. Nani atafanya kazi?"

"Mimi," alisema mshonaji.

Alitoa magurudumu ya nyuma, akasugua habu kwa brashi ya waya mpaka kutu ikaisha, kisha akaweka spesa na magurudumu. Alizifuta boliti kwa kitambaa kikavu.

"Mafuta yangu yalikuwa na kosa gani?" Bibi aliuliza.

"Mama, mafuta yanaidanganya spana," Mama Spana alimjibu. " Unadhani umekaza kiasi, kumbe umezidisha. Mpaka kitabu cha gari kiseme upake, usipake."

Mshonaji alianza kila boliti kwa vidole, akahesabu mizunguko. Ilifika tisa.

"Sasa kaza kidogo, gari likiwa bado juu ya jeki," Mama Spana alimwelekeza. " Usifuate duara. Ukitoka kwa bibi usiende kwa baba aliye jirani yake. Mruke, nenda kwa mama. Kisha ruka tena. Gurudumu likae sawa pande zote."

"Kwa hiyo wakubwa hawatangulii?" binti mkubwa aliuliza.

"Gurudumu halijui mkubwa, mwanangu."

Mshonaji alilizungusha gurudumu kwa mkono. Halikugusa kitu. Akashusha jeki. Mama Spana akampa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza.

"Kitabu cha gari lako kinasema nyutonimita mia na ishirini. Gari jingine lina namba yake. Ukifikia nguvu hiyo, spana inalia 'ta', nawe unaacha. Zote tano zifungwe na mkono mmoja, kwa nguvu moja. Usisimame juu ya spana. Boliti iliyokazwa kupita kiasi hukatika, na iliyolegea hutoka. Ukishatembea kilomita hamsini hadi mia, pima tena."

Spana ikalia ta, mara tano. Upande wa pili, mara tano.

Seremala alienda kwa muuzaji na boliti fupi mfukoni. Hakutoka dukani mpaka muuzaji alipokubali, mbele ya wateja, kwamba hatauza tena spesa bila boliti zake.

Baada ya kilomita themanini mshonaji alipima tena. Hakuna boliti iliyosogea. Gari lilishuka mteremko kimya. Jioni hiyo walikaa mezani, na seremala akamshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha.

"Hayajakwisha," alisema mkewe. "Mlinicheka hapa hapa, wote. Nataka nisikie mkikiri hapa hapa, wote mkiwepo."

Seremala alisukuma sahani yake kando.

"Ulisema kweli, nikakucheka," alisema. "Nilikosea. Ningewazika watatu kwa sababu ya mabega ya gari."

"Na mimi nilikosea, mwanangu," Bibi alisema, macho yakiwa chini.

Binti mdogo alimtazama baba yake. "Ungemzika nani, baba?"

Mama yake alimvuta, akampakata, ingawa alikuwa amepita umri wa kupakatwa.