Godoro la Baba Winny

Okumu, rafiki yangu wa mtaa wa Huruma, ni mkaidi, na nilimwonya. Alihitaji sponji ya kutengenezea kikaragosi cha filamu yake, akalikata godoro ambalo jirani yake, Mama Winny, alilitoa nje likachomwe baada ya kumzika mumewe.

"Godoro ni godoro," akanifokea.

Mchana huo stima zikapotea. Chumba chake hakina dirisha. Akiwa anabandika mdomo wa kikaragosi kwa gundi gizani, akasikia kikohozi kikavu karibu na mkono wake. Kisha kingine.

Mama Winny akagonga ukuta. "Wewe Okumu, wacha kumwigiza mzee wangu! Huna adabu?"

Stima ziliporudi, Okumu alitia kidole kwenye mdomo wa kikaragosi. Sponji ilikuwa imelowa mate, na yalikuwa bado na joto.