Ruhusa ya Mama Tanzia

Kebo alipanda ngazi akijua ni kazi ya dakika tano. Saa kumi na moja na nusu jioni, ofisi imebaki na watu wa kuhesabika, na dada yake wa masjala alikuwa chini, mkoba begani, akimsubiri waondoke pamoja. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimsomesha kwa mshahara wa kupanga mafaili, na hata sasa, Kebo ana mvi kidevuni, bado alimnyooshea kola kila asubuhi mbele za watu.

"Usiende kuganda huko na mashine zako," dada alimwambia. "Miguu inaniuma."

"Dakika tano tu, dada."

Yeye ndiye fundi wa kompyuta pale, na tatizo lenyewe lilikuwa la kipuuzi. Ofisi ilikuwa na anwani moja ya barua pepe kwa ajili ya taarifa za misiba. Mfanyakazi akifariki, tangazo liwafikie wote kabla giza halijaingia, ili watu wajipange kwenda kuzika. Kwa miaka kumi na moja matangazo hayo aliyaandika katibu muhtasi mmoja, mwanamke mnene mwenye kicheko, hakosi pipi ya mnanaa mdomoni. Watu walimbandika jina Mama Tanzia, naye akalipenda.

Sasa Mama Tanzia mwenyewe alikuwa kaburini, huu ukiwa mwezi wa tano. Kebo akimpa afisa utumishi ruhusa ya kutuma kwa anwani ile, haipiti saa moja, ruhusa imefutika. Kwenye orodha linabaki jina moja tu. La marehemu.

Sababu aliijua, na ilimtia haya. Zamani, alipochoshwa na simu za Mama Tanzia za kuomba hiki na kile, alimtumbukiza kwenye kundi la wasimamizi wakuu wa seva ili ajihudumie. Uvivu mtupu. Kundi hilo hulindwa: kila saa seva hupita, hukagua ruhusa za waliomo na kuzirudisha zilivyokuwa mwanzo. Dawa yake ni kumtoa kwenye kundi, basi.

Lakini hilo halikueleza habari ya dereva.

Tanzia ya dereva ilitoka Jumatatu, saa moja jioni, kwa jina la Mama Tanzia, na dereva angali hai. Dereva aliisoma mwenyewe uani, akacheka mpaka akashika mbavu. Jumanne hakuamka. Ikaja ya mtunza stoo. Huyo hakucheka. Alijifungia nyumbani, akagoma hata kula, na kesho yake wakamkuta amekaa kitini, macho wazi. Afisa utumishi alisema kuna mhuni ameiba nywila. Kebo aliitikia, kwa sababu alitaka sana iwe hivyo.

Chumba cha seva kilikuwa baridi. Feni zinanguruma, vitaa vya kijani vinapepesa. Akamtoa Mama Tanzia kwenye kundi, akafuta jina lake kwenye ruhusa, akaweka la afisa utumishi. Akangoja.

Saa kumi na mbili kamili... feni zote zikanyamaza.

Kimya.

Kisha zikaanza tena, kama mtu aliyevuta pumzi ndefu. Akatazama orodha. Jina la marehemu lilikuwa limerudi.

Chumba kikanuka mnanaa.

Rasimu ikajifungua kwenye kioo cha kompyuta bila yeye kugusa kitu. Maneno aliyajua, kila mtu pale aliyajua. *Uongozi unasikitika kuwatangazia kifo cha mfanyakazi mwenzetu...* Kishale kikasimama, kikipepesa. Kisha herufi zikaanza kutoka, mojamoja, bila haraka.

*...wa masjala...*

Masjala kulikuwa na mtu mmoja tu.

Akapiga simu. "Dada! Uko salama?"

"Nitakuwaje salama na wewe hushuki? Kifua tu kinabana kidogo. Fanya haraka."

Alifuta rasimu. Ikarudi. Akafunga akaunti nzima ya marehemu. Ikajifungua. Akachomoa waya wa mtandao na kuutupa sakafuni, na herufi zikaendelea kutoka, zikafika kwenye jina la ukoo, jina lao wote wawili. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika kumi na nane. Kebo alisikia machozi yakimtoka na hakuyafuta.

"Mama Tanzia," alinong'ona. "Tumekukosea nini?"

Sauti ilitoka nyuma ya kabati la mitambo. Ya chini, imechoka.

"Yangu iko wapi?"

Hapo akakumbuka. Siku aliyofariki Mama Tanzia, ruhusa ya kutuma ilikuwa yake peke yake. Afisa utumishi alimpigia Kebo simu jioni ile amfungulie mtu mwingine. Kebo alikuwa anatazama mpira. Akajibu, "Kesho asubuhi, kiongozi." Asubuhi ile ile wakazika, tangazo halijatoka. Waliofika walikuwa wanne, na wa ofisini hakuna hata mmoja. Mwanamke aliyewaita watu kwenye mazishi ya kila mtu alizikwa kama mpita njia.

Akavuta kibodi. Akaandika juu ya rasimu ile, na kishale kikamkubalia. Aliandika mwaka Mama Tanzia alipojiunga na ofisi. Aliandika kwamba hakuwahi kukosea jina la marehemu yeyote, wala la mjane, wala la yatima. Aliandika kicheko chake. Aliandika kwamba kosa ni la fundi wa kompyuta, na akaweka jina lake.

Saa moja kasoro dakika mbili. Chini ya maneno yake, mstari wa dada ulikuwa bado upo.

"Nisamehe, mama."

"Nimechoka," ilisema sauti, karibu zaidi. Mnanaa ukamgusa shavuni. "Kazi hii nimwachie nani?"

"Yeyote! Mwachie yeyote. Dada yangu asife tu."



"Haya."

Saa moja ikagonga. Feni zikanyamaza, zikaanza. Mstari wa dada ukafutika wenyewe, na tanzia ya Mama Tanzia ikaondoka. Waya wa mtandao bado ulikuwa sakafuni. Chini kwenye korido simu za watu zikalia, moja baada ya nyingine, na harufu ile ikatoweka. Kebo aliweka paji la uso mezani, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha akafungua orodha ya ruhusa, ili ahakikishe.

Marehemu hakuwemo. Afisa utumishi hakuwemo. Kulikuwa na jina moja jipya.

Alishuka ngazi tatu tatu. Masjala ilikuwa giza, isipokuwa kioo cha kompyuta. Dada yake alikuwa amekaa wima, ameuvua mkoba, amevua na viatu. Mzima. Mwanamke ambaye siku zote alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja sasa alikuwa anachapa kwa vidole kumi, hatazami chini.

"Dada... twende nyumbani."

"Subiri, mdogo wangu, namalizia." Sauti ilikuwa yake kabisa, ya upole. "Wawili tu leo."

Kebo alishindwa kuvuka mlango. Dada alimgeukia, akamtazama kwa mapenzi yale yale ya siku zote, akatabasamu.

"Usiogope. Wewe sijakuweka."

Vidole vikarudi kazini. Kebo hakuuliza wawili hao ni akina nani. Alikaa kwenye benchi la wageni, akamsubiri amalize, na aibu inayomla mpaka leo ni kwamba kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa nafuu.