Sauti Nne za Aikande

"Umenifutia, Yona! Wiki nzima naimba, halafu wewe kwa kidole kimoja tu—"

"Sijafuta! Nisikilize kwanza, ziko—"

"—soprano, alto, tena, besi, zote kwa koo langu hili hili—"

"—ziko salama, Aikande, ziko kwenye wingu, mimi mwenyewe nimezi—"

"Wingu?" Sauti ikapanda mpaka Yona akasogeza simu mbali na sikio. "Mimi nakaa Meru, Yona! Wingu linaingia mpaka jikoni kwetu, tunakunywa nalo chai. Sijawahi kulisikia likiimba!"

"Una bando?"

"Bando ninalo, mtandao ndio sina! Nikigusa wimbo, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka wanakwaya wanasinzia. Umeme umekatika, simu yangu imezima, hapa nimeazima kitochi cha baba, kile kisimu chake cha vitufe, na nimeegemea ukuta wa kanisa, maana ndipo simu inaposhika. Mashindano ni kesho! Besi hawajui hata mstari wa kwanza. Na mimi nina mafua, sauti kidogo iliyobaki naimalizia kukugombeza we..."

Ikakatika. Siyo simu iliyokatika, ni sauti yenyewe. Kikabaki kikohozi, kisha na simu nayo ikakatwa.

Yona akabaki amesimama nyuma ya kaunta ya duka la kutengeneza simu, Daraja Mbili mjini Arusha, bisibisi mkononi, wateja wanamkodolea macho.

"Mkeo?" mmoja akauliza.

"Mteja," akajibu, na jasho likamtoka kama mtu aliyesema uongo mahakamani.

Maana huyo mteja, tangu siku ya kwanza, alikuwa amemharibia utulivu wote. Aliingia mchana duka limefurika, mvua ya Arusha imewasukumia ndani hata wasio na shida ya simu. Akapenya katikati yao na gauni lake la kitenge cha njano, sweta ya kijani juu yake, raba nyeupe zimejaa tope jeusi la mlimani, akaiweka tableti kaunta kama anayekabidhi mshtakiwa.

"Hii imejaa. Kila nikirekodi inaniambia nafasi hakuna. Nafasi hakuna, kwani ni bweni?"

Yona akafungua rekodi moja kujaribu. Ikatoka besi nzito, iliyotulia, mpaka vioo vya kabati vikanong'ona.

"Huyu mzee anajua kuimba."

"Huyo mzee ni mimi."

Yona hakuamini. Aikande akamwimbia palepale, kati ya chaja na makava, ameinamisha kidevu kifuani, na duka zima likanyamaza. Ndipo akaeleza. Yeye ni mwalimu wa kwaya kwenye usharika wao, juu ya Usa River, na wanakwaya wake wengi hawasomi noti. Kwa hiyo kila wimbo mpya anaingia migombani peke yake, anaimba sauti zote nne, moja moja, halafu anawarushia. Anayechuma kahawa anachuma na alto yake sikioni, anayekata majani ya ng'ombe anakata na tena yake. Yona, ambaye hata wimbo wa kumpongeza mtu siku ya kuzaliwa huwa anaukosea, alimtazama kama watu wanavyoutazama Mlima Meru asubuhi ukiwa wazi: unasimama tu, unasahau ulikokuwa unakwenda.

"Sasa chagua, mwalimu," akamwambia. "Utafute tableti yenye nafasi kubwa, au nikuwekee nyimbo kwenye wingu, ghala la huko mtandaoni. Zikiwa ndani ya tableti unazo mkononi, ila tableti ikidondoka mtoni zimekwenda nayo. Zikiwa kwenye wingu, hata mwizi abebe tableti, nyimbo zako zipo."

"Na wewe fundi, ungekuwa wimbo, ungekaa wapi?"

Fundi akainamia bisibisi yake. Mteja akaondoka anacheka, akaenda kufikiria.

Akarudi wiki iliyofuata kununua kava. Akarudi tena kusema kava linabana. Katikati hapo simu: "Fundi, umekula?" "Bado, mwalimu." "Sasa mkono wenye njaa utatengeneza simu za watu kweli?" Wanacheka, wanaagana, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno lile lenyewe. Wiki iliyopita ndipo alipokubali wingu. Walifungua akaunti kwenye kompyuta ya dukani, na ilipofika kuandika pasiwedi akamwamuru Yona ageukie ukutani, akaandika amejikunja kama anayeficha karata.

Nyimbo zikapanda zote. Halafu Yona, kwa kutaka sifa, akabonyeza pale pa kuachia nafasi, tableti ikawa nyepesi kama mpya. Asichomwambia ni kwamba sasa ndani yamebaki majina tu, wimbo wenyewe mpaka uushushe kwa mtandao. Kwa nini angesema? Daraja Mbili mtandao unatiririka kama bomba. Ya migombani hakuyafikiria.

Sasa, baada ya kugombezwa, akairukia kompyuta. Angezishusha zote kwenye flashi na kuzipandisha mlimani kwa mkono wake. Kompyuta ikamwomba pasiwedi. Akapiga kile kitochi.

"HALO!"

Hakuwa Aikande. Ilikuwa besi ile ile ya kwenye tableti, ila sasa ni ya mzee wa kweli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi Gadiel, baba yake mwalimu. Mwenyewe sauti imekwisha kabisa, anaongea kama paka. Unasemaje?"

"Naomba pasiwedi yake, mzee. Nikiipata, nyimbo zinafika leo leo."

Mnong'ono. Mnong'ono mrefu zaidi.

"Anakataa," akasema mzee.

"Anakataa?"

"Anasema bora tushindwe."

"Mwambie atume meseji basi."

"Meseji huku zimegoma tangu asubuhi."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mama mmoja: "Mwalimu, tushindwe kwa ajili gani? Taja hilo neno tuendelee!" "Taja!" wakaitikia wengine, na Yona akajua kwaya nzima imeuzunguka ule ukuta. Halafu Mzee Gadiel akakohoa.

"Haya. Ananiambia herufi sikioni, mimi nakutajia. Andika." Na akaanza kutaja kwa sauti ile ile anayonadia kuku na mikungu ya ndizi ya sadaka nje ya kanisa Jumapili, ya kumfikia mpaka aliyekwisha kupita geti. "Y! O! N! A!"

Vidole vya Yona vikasita.

"Hili si jina la mtu?" mzee akauliza. "Haya, anasema inaendelea. W! A! N! G! U! Basi."

Kisha mlimani kikalipuka kicheko, vigelegele, na mtu anapiga makofi ya kwaya.

"Kijana," Mzee Gadiel akasema polepole, "imefunguka?"

"Imefunguka, mzee."

"Basi lete nyimbo."

Navdeep, mwenye duka, alikuwa amesikia yote kwa vile ile sauti haikuhitaji spika. Akarekebisha kilemba chake, akamrushia ufunguo wa pikipiki. "Nenda, bwana. Lakini irudi na saiti mira zake, vioo vyote viwili."

Yona akaikamata barabara ya Moshi, akapita Usa River na mashamba yake ya maua, akakunja kushoto kupanda mlima. Ubaridi ukamwingia kifuani, harufu ya udongo mbichi na kahawa ikampokea. Flashi alikuwa ameiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, na kila penye kona alikuwa anaigusa.

Wanakwaya walimpisha njia bila kusema, ila macho yao yalikuwa yanasema kitabu kizima. Aikande amesimama mlangoni mwa kanisa, kitenge kile kile cha njano, skafu imezungushwa shingoni mara mbili, pua imevimba kwa mafua, na uzuri wake haujapungua hata kidogo. Hakumtazama. Akaichukua flashi, akaichomeka kwenye spika ya kuchaji ya kwaya.

Sauti yake ikatoka, besi. Wazee wa besi wakasogea, wakaishika. Ikafuata sauti ya tena. Yeye mwenyewe bila sauti akaongoza kwa mikono tu, nyusi zikipanda pale noti inapopanda, na kufikia mara ya tatu zile sauti nne alizoimba peke yake migombani zilikuwa zimepata miili arobaini. Yona akalia kidogo. Akasingizia vumbi, na siku hiyo vumbi halikuwepo.

Wimbo ulipoisha, Mzee Gadiel akamgeukia.

"Kijana, lile neno tumelisikia usharika mzima. Wewe una la kusema?"

"Mimi, mzee... shikamoo... yaani mimi..."

"Marahaba. Endelea."

Hakuna kilichoendelea. Mdomo wa Yona ulikuwa wazi, na ndani yake kiduara kinazunguka tu.

Aikande akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Akatabasamu. Akafungua skafu, akameza mate kwa maumivu, akamshika baba yake mkono. Kwaya nzima ikainama kusikia.

"Baba," akakwaruza, "naomba uende Moshono kwa wazazi wake. Ukaniposee."