Mvumo Katika Vioo vya Jumba Kuukuu

Mke wa fundi vioo alikuwa kiziwi kwa miaka mingi, tangu homa kali ilipomlaza kitandani na kumwacha bila masikio. Kwa hiyo siku alipoinua uso kutoka kwenye karai la vyombo, mikono ikichuruzika maji, akauliza ni nani anayeimba, mumewe alibaki na kijiko hewani.

Hakuna aliyekuwa akiimba. Ilikuwa mchana, jua limesimama, mtaa mzima umejilaza. Bibi, yaani mama mzazi wa fundi, alikuwa ameketi mlangoni akijikuna mgongo kwa mpini wa mwiko. Fundi alimgeukia mkewe ili auone mdomo wake vizuri, akamwambia kwamba pako kimya. Mkewe akacheka kwa haya. Alisema labda masikio yake yanaota ndoto.

Mwanamke yule alisoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti. Taa ikizimwa, aliweka kiganja kifuani kwa mumewe, naye mume akasema maneno machache polepole; mvumo wa kifua ulimletea nusu ya habari, nusu nyingine akaikisia, na mara nyingi akakisia sawa. Kasoro yake ilikuwa moja, hakujua kuipima sauti yake mwenyewe. Bibi alipenda kumtania mwanawe kwamba mke wake akimsifu mtaa mzima unapata habari, na akimsema pia.

Dirisha la jikoni, lililokuwa mbele ya karai lile, lilikuwa na vioo vigeni. Fundi alivitoa katika jumba kuukuu lililokuwa likibomolewa, kwa ruhusa ya msimamizi. Vilikuwa vizito, vyenye mawimbi ndani yake kama maji yaliyoganda yakiwa njiani. Jambo moja tu lilimshangaza wakati wa kuvitoa. Vyote vilikuwa vimelegezwa. Putii, ule udongo laini wa kushikizia vioo, ilikuwa imekwanguliwa kwa makusudi, na kila kioo kilicheza ndani ya fremu yake, kimezuiwa na misumari midogo tu, hata gari likipita barabarani ukuta mzima ulilia. Fundi alimcheka moyoni fundi mwenzake wa zamani. Kwake yeye, kioo kinachotikisika kilikuwa aibu ya aliyekitia. Alivifikisha nyumbani, akavikaza barabara, akajisifu kidogo kwa mama yake.

Baada ya siku ile ya karai, mkewe aliuliza tena. Safari hii hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kioo cha jikoni, akainamisha kichwa, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu aliyepotea. Fundi naye aliweka mkono. Kweli, kioo kilikuwa kikivuma, mvumo mwembamba usiosikika ila kwa ngozi. Alitazama nje. Hapakuwa na gari, wala mashine, wala upepo. Ndani ya bilauri ya maji pale mezani, viduara vidogo vilikuwa vikizaliwa katikati na kwenda kufia ukingoni, kimoja baada ya kingine, na jikoni kulikuwa na harufu kama ya chuma kilichonolewa muda mrefu kwenye jiwe.

Fundi alifanya ambalo fundi yeyote wa vioo angelifanya. Aliona kwamba kuna kitu kimelegea, akakaza. Aliongeza putii. Vioo vya jikoni viliponyamaza, vya chumbani vilianza; akavikaza navyo. Kisha zikaanza sahani kabatini, akaweka vitambaa katikati yake. Mfuniko wa sufuria ukatetemeka, akaufunga kwa waya. Akatia vipande vya mpira chini ya miguu ya meza, akakaza bawaba za milango, akashindilia karatasi nyuma ya kabati, na kila alipokaza kitu, mvumo ulihamia kwenye kingine kama panya anayefukuzwa kutoka chumba hadi chumba, mpaka hatimaye ndani ya nyumba ile hapakubaki kitu hata kimoja kilichocheza. Fundi alifuta jasho, akamwambia mama yake kwamba kazi imekwisha.

Bibi hakumjibu. Alikuwa akimtazama mdomo, amekunja uso. Fundi akarudia, na hapo ndipo alipotambua kwamba hata yeye mwenyewe hakujisikia. Aligonga meza kwa nyundo. Nyundo ilipiga, ubao ukabonyea, na hapakutoka mlio wowote, kana kwamba amegonga godoro.

"Hata mimi sasa?" Bibi alisema, na sauti yake ilimfikia fundi ikiwa nyembamba, ya mbali, kama inayotoka upande wa pili wa ukuta. "Mwanangu, na mimi nimekuwa kiziwi?"

Mkewe alikuwa amesimama dirishani, shavu limelala juu ya kioo, amefumba macho. Alikuwa akitabasamu.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Milio ya nyumba ilikuwa ikitolewa mmoja mmoja, wa maji, wa nyayo, wa kikohozi cha Bibi, na yote, fundi aliamini, ilikuwa ikikusanywa na kupelekwa kwa mtu mmoja. Mkewe aliacha kula. Alishinda dirishani tangu asubuhi. Ukimgusa mkono, ngozi yake ilivuma, na mvumo ule ulipanda kwenye mifupa yako hadi kwenye meno. Bibi alilalamika kwamba magego yake yanamuuma hata yale yaliyong'oka zamani.

Fundi alimgeuza mkewe kwa mabega, akamuuliza anasikia nini.

"Ananiita jina langu la utotoni," mkewe alisema. Kwa mara ya kwanza tangu homa ile alisema kwa sauti ya kadiri, iliyopimwa, na jambo hilo lilimtisha fundi kuliko maneno yenyewe. "Jina ambalo hata wewe sikukwambia. Anasema atanirudishia kila kitu, mvua, jogoo, nyimbo. Ameniomba jambo moja tu."

"Jambo gani?"

"Nisikuwekee tena mkono kifuani."

Fundi alimshika kiunoni ili amtoe pale dirishani, na hapo, katikati ya mchana mweupe, huku jua likiwaka uani na nguo zikikauka kambani, alihisi moyo wake unashikwa, si kuuma wala kubanwa, bali kushikwa, kama mtu anavyoweka kiganja juu ya kengele inayolia ili inyamaze, akasubiri pigo linalofuata na halikuja, akasubiri tena, akaona kingo za dirisha zinaanza kuwa nyeusi, akaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba chochote kinachotetema duniani kiko mikononi mwa huyu aliyemo humu, kioo na ngozi na ulimi na moyo pia, na kwamba yeye fundi anaishi kwa hisani tu. Alimwachia mkewe. Moyo ukaanza tena.

Bibi ndiye aliyekwenda kumleta mganga. Alikuwa mwanamke mnene, watu walimwita Bi Taratibu kwa sababu hakuwahi kuharakishwa na jambo lolote, awe mgonjwa au maiti. Aliingia akilalamikia viatu vyake. Alipovuka kizingiti akanyamaza, akarudi nje, akaingia tena, kama anayepima kina cha maji kwa mguu. Kisha akaomba kioo kipana na unga mkavu.

Kioo kililazwa juu ya vigoda viwili. Bi Taratibu alinyunyiza unga juu yake, akausawazisha kwa kiganja, akamsalimu mgeni asiyeonekana kwa adabu, kama anavyosalimiwa mkubwa aliyekutwa ameketi. Unga ukaanza kutembea. Ulijikusanya, ukajipanga katika mistari myembamba iliyopindana, ikawa kama mbavu, kisha kama vyumba vya nyumba ionekanayo kutoka juu, vyumba vingi visivyo na mlango hata kimoja. Bi Taratibu aliutazama muda mrefu. Akamwita fundi karibu na kumsemea sikioni, kwa kuwa sauti ya kawaida haikuwa ikifika tena.

"Hivi vioo vilikuwa vimelegea ulipovikuta?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Waliokaa kule walijua. Huyu ni msafiri. Mahali penye vitu vilivyolegea huchezacheza, kisha huchoka, akaenda zake na upepo. Wewe umekaza kila kitu. Ulitaka akae wapi? Kilicholegea humu ndani ni viwiliwili vyenu tu."

Fundi alichukua patasi, akakwangua putii aliyoitia kwa mikono yake mwenyewe, dirisha baada ya dirisha, akaondoa mpira, waya na vitambaa. Nyumba ikalegea. Vioo vikaanza kulia katika fremu zake. Lakini mvumo haukutoka, na mkewe hakubanduka dirishani. Bi Taratibu alieleza kwamba njia sasa iko wazi, ila mgeni amekaribishwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye wa kumuaga, kwa kinywa chake, na kwa kutaka.

Akasimama mbele ya mke wa fundi, akatamka neno moja moja ili midomo ionekane vizuri. Amfukuze, na arudi katika uziwi wake mpaka kufa. Au amwache akae.

Mkewe alitazama chini. Machozi yalimtoka bila uso kukunjamana. Fundi alijua hesabu inayofanywa mle kichwani, wala hakuweza kumlaumu. Ni yeye aliyemwona miaka yote akiwatazama watu wakicheka, akicheka nao kwa kuchelewa kidogo.

"Nataka nimsikie mume wangu," alisema mwishowe, akiwa amekigeukia kioo. "Mara moja. Ukiweza kunipa hilo, nitajua la kusema."

Mvumo ulipanda. Vikombe vilicheza kabatini. Fundi alihisi koo lake linashikwa na vidole visivyoonekana, kwa upole, kama fundi ashikavyo kifaa cha mwenzake. Akasogea, akasimama mbele ya mkewe, akasema alilokuwa nalo:

"Baki nami. Hata usiposikia neno langu jingine mpaka tunazikwa, baki."

Alimwona Bibi akiweka mkono mdomoni. Alimwona Bi Taratibu akifumba macho. Kwa maana kilichotoka kwenye koo lake, kwa sauti yake mwenyewe, na kwikwi yake ndogo ya kila siku ikiwemo ndani yake, kilikuwa hiki: "Nenda naye. Nimechoka kumpigia kelele kiziwi."

Uso wa mkewe ulikuwa umewaka kama taa. Sasa ukazimika polepole. Alimtazama mumewe.

"Rudia," alisema.

Fundi alirudia, akilia, na sauti ile ikarudia matusi yake. Mkewe alikuwa ameukazia macho mdomo wake.

"Nimesikia mengine," alisema, "na nimeona mengine." Akageukia dirisha. Sauti yake ilikuwa imeanza kupoteza kipimo tena, ikipanda, ikipasua chumba. "Wewe ni mgeni kweli. Umekaa nyumbani kwangu siku zote hizi, hujajua kwamba mimi nasikia kwa macho. Toka."

Alichukua nyundo mezani akakipiga kioo cha jikoni. Vioo vyote vya nyumba vililia kwa pamoja, sauti moja ndefu iliyopita juu ya bati, juu ya ua, ikaenda ikipungua upande wa mtaani. Halafu kuku walisikika. Pikipiki ilisikika. Bibi alikohoa, akasikia kikohozi chake, akakaa sakafuni kwa furaha. Mkewe peke yake ndiye aliyebaki ameinamisha kichwa katika kimya chake kile cha zamani, vipande vya kioo vikimeremeta kwenye nywele.

Fundi alimkumbatia, akataka kusema ahsante. Mdomo ukafunguka, ulimi ukacheza, pumzi ikatoka. Bi Taratibu alimwekea vidole kooni, akamwambia aseme tena. Alisema tena. Bi Taratibu aliondoa mkono wake taratibu.

"Alikuwa ameishika sauti yako kilipovunjwa kioo," alisema. "Ameondoka nayo."

Basi wakaizoea hali hiyo, kama watu wanavyozoea mengi. Wateja walikuja karakanani, fundi akazungumza bila sauti, mkewe akamtazama mdomo na kuwatangazia bei ya kioo mpaka wapita njia nao waijue. Bibi alisema nyumba yao sasa ina kinywa kimoja, lakini kinatosha familia tatu. Walicheka. Mume na mke walikuwa wameshikamana kuliko hata walipooana.

Kisha asubuhi moja alikuja mshonaji wa mtaa wa pili, mjane aliyeishi na mama yake asiyeona. Alikuwa amesafiri mwezi mzima, hakuwa na habari za mtaa. Aliketi, akafungua kilemba, akamtazama fundi kwa uso wa shukrani.

Alisema amekuja kushukuru. Tangu arudi safari, mama yake amechangamka kama msichana. Kila asubuhi hupelekewa salamu dirishani, akaulizwa hali, akaitwa kwa jina lake la utotoni. Mama ameijua sauti mara moja.

"Nikamwambia, mama, fundi ana kazi zake, hawezi kuja kila siku," mshonaji alisema. "Akaniambia, mimi sioni, lakini sauti ya fundi vioo naijua."

Mkewe alikuwa akiutazama mdomo wa mshonaji, na mikono yake ilikuwa imeacha kufuta meza. Fundi alisogea. Midomo yake ilisema neno kwa haraka. Mkewe akalisema, kwa sauti kubwa iliyotetemeka:

"Mume wangu anauliza, madirisha yenu yamelegea?"

"Yalikuwa yamelegea," mshonaji alisema, akishangaa. "Jana tumekaza yote. Si yeye mwenyewe aliyemwambia mama tukaze?"