Sauti Nyuma ya Usukani

Jirani yetu mmoja, mwanamke tuliyemwita Nahodha kwa sababu kuendesha boti ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na minane, alipigiwa simu na mdogo wake Jumanne mchana akiwa anaosha vyombo. Mama yao, aliyelazwa hospitali kaskazini, angefanyiwa upasuaji wa moyo Ijumaa, na alitaka kumwona bintiye kwanza. Barabara ya kaskazini ilikuwa imekatika, daraja limechukuliwa na mafuriko. Ilibaki bahari.

Nahodha alifuta meza ya jikoni, akatandaza ramani. Mumewe, fundi wa injini ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, akavuta kiti.

"Msimu huu upepo unatoka huko huko tunakokwenda," Nahodha alisema. "Ikifika saa nne asubuhi unavuma kama una ugomvi na mtu. Kwa hiyo tunaondoka kesho alfajiri, bahari ikiwa imetulia. Saa nne tuwe tumejificha nyuma ya rasi hii. Keshokutwa alfajiri tunamalizia."

"Siku mbili kwa maili sitini?"

"Siku mbili, na tufike."

Akapiga hesabu ya mafuta: mara mbili ya yale ya siku ya shwari, na madumu mawili juu yake. Spana akacheka, akasema mke wake hubeba akiba hata akienda chooni. Nahodha hakucheka. Usiku kucha aligeuka kitandani, akaamka, akaipima tena ile njia kwa rula, akarudi, akageuka.

Jumatano waling'oa nanga kabla jua halijachomoza. Nchi kavu kushoto, bahari wazi kulia, injini inanguruma bila kukohoa. Ilipofika saa mbili na nusu macho ya Nahodha yalikuwa yanajifumba yenyewe.

"Shika usukani," alimwambia mumewe. "Kaskazini moja kwa moja. Niamshe baada ya nusu saa."

Akajilaza kwenye benchi la nyuma, akajifunika koti.

Kilichomwamsha ni utulivu. Boti haikuwa ikigonga mawimbi. Ilikuwa inateleza, inayumba polepole kama kitanda cha mtoto. Saa yake ilisema saa nne na robo. Upepo ulikuwa umeshaanza, aliusikia ukipiga filimbi kwenye kamba, lakini haukumpiga usoni. Ulitoka kushoto.

Na jua lilikuwa machoni pake. Lilipaswa kuwa upande wa bega la kulia.

Akageuka kutafuta nchi kavu. Hakuna.

"Spana," alisema kwa sauti ya chini. "Unakwenda wapi?"

"Si umesema mwenyewe tutoke nje kidogo tukwepe mawimbi?" Spana hakugeuka. "Umeniambia mara tatu."

"Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umesimama hapa nyuma yangu. Umenishika bega."

Nahodha akalitazama bega. Shati lote la Spana lilikuwa kavu. Begani tu palikuwa pamelowa, na mchirizi mmoja wa maji unashuka hadi kiunoni.

Akamsogelea, akashika usukani juu ya mikono yake. Mikono ya Spana ilikuwa imekakamaa.

"Ile sauti inasema tena," alinong'ona.

"Nani?"

"Wewe."

Nahodha alikuwa mbele yake. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Inasema nini?"

"Inasema nisikusikilize."

Nahodha alimbandua vidole kimoja kimoja kwenye usukani. Akazungusha usukani magharibi. Upepo ukawapiga ubavuni, maji yakaingia. Akamwambia azibe masikio na aseme kitu, chochote, kwa sauti kubwa. Spana akakaa chini na kuanza kutaja vipuri. Plagi. Chujio. Mkanda. Pampu. Plagi. Chujio. Mkanda. Kila alipopumua alitikisa kichwa, kama anamkatalia mtu. Nahodha hakugeuka nyuma. Hata mara moja.

Dumu la kwanza liliisha. La pili likafika nusu. Ndipo rasi ikaonekana.

Walilala ghubani, au tuseme walikaa macho ghubani, wameshikana mikono. Mlinzi wa gati la hapo aliwapa mafuta, na Alhamisi alfajiri walimaliza safari bila kusikia kitu.

Hospitalini, mama alikuwa ameegemea mito. Alimtazama bintiye juu hadi chini.

"Afadhali leo umejikausha," alisema.

"Mama, ndiyo kwanza nafika."

"Jana ulikaa hapo. Unachuruzika maji kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Nakuuliza kulikoni, kimya. Unanitazama macho tu."

"Saa ngapi?"

"Wauguzi walikuwa wanagawa chai. Saa nne hivi."

Mdogo wake alimvuta pembeni. "Nilidhani ni dawa zinamchanganya, dada. Lakini angalia."

Kilikuwa kiti cha kitambaa cha bluu. Juu yake chumvi ilikuwa imekauka nyeupe kwa umbo la mtu aliyekaa: mapaja, mgongo, na mkono wa kushoto uliolazwa juu ya egemeo la kiti, vidole vitano.

"Nimekifuta mara tatu," alinong'ona. "Kikikauka, inarudi."

Upasuaji ulikwenda salama, na mama yupo hadi leo. Kile kiti walikibandua kitambaa, wakaweka kipya. Mdogo wake Nahodha anasema kipya kilikaa cha bluu siku mbili tu.