Viatu vya Marehemu Rıfat

Jua lilikuwa linazama Müzeyyen alipotoa viatu vya marehemu mumewe na kuviweka nje, kando ya ngazi. Ndivyo wafanyavyo mtaani kwao Istanbul: mtu akifa, viatu vyake huwekwa mlangoni, maskini avichukue na amwombee. Müzeyyen hakuwa na dua. Alivisukuma kwa kidole gumba cha mguu.

"Haya, tembeeni. Miaka arobaini mmejua njia moja tu, mkahawani na kurudi. Na mimi ndani, nichemshe chai!"

Aliyevichukua hakuwa maskini. Alikuwa Anselm, lile jitu la kigeni lililozurura vichochoroni na kamera, likijigamba kwamba litaumaliza mji mzima kwa miguu. Mji una makasri, lenyewe linapiga picha soksi za watu kwenye kamba! Buti zake zilikuwa zimeachama. Akavaa viatu vya Rıfat, akacheka, akaziacha buti pale pale, akaenda zake.

"Dada Müzeyyen, mbona hakumwombea marehemu?" Hacer, jirani, aliuliza dirishani.

"Amwombee kwa lugha gani? Hajui hata kuomba chumvi, mpumbavu yule."

Kesho yake, jua likizama...

Tik. Tik. Tik.

Pete ikigonga chuma cha ngazi. Rıfat alipanda hivyo hivyo kila jioni. Chini ya mlango ikapenya harufu ya tumbaku yake.

Müzeyyen alifungua. Anselm alikuwa amesimama kizingitini, analia, anaonyesha miguu yake. Vidoleni hakuwa na pete.

"Ameshinda mkahawani, kwenye kiti cha Rıfat," Hacer alinong'ona kutoka dirishani. "Akiinuka aende kwingine, miguu inageuka. Inamleta huku."

Müzeyyen alipiga magoti, akavuta kiatu kwa nguvu zote. Hakikutoka. Ngozi ya kiatu ilikuwa na joto, kama ya mtu.

Ndipo yule asiyejua kuomba chumvi akafumbua kinywa.

"We mwanamke. Chai."

Sauti ya Rıfat.

Hofu ilimkamata Müzeyyen, halafu hasira. Siku tisa tu za kupumua tangu azikwe, basi?

"Hata kufa kumekushinda," alisema. "Kaa. Subiri."

Alizichukua zile buti za Anselm kando ya ngazi, akapita jikoni, akazivaa mlango wa nyuma. Hakuwasha jiko.

Akatembea. Akapita wauza samaki, akapita makaburi, akaingia mitaa ambayo Rıfat hakumruhusu hata kuitaja. Wanawake wanakung'uta mazulia, paka wamelala juu ya magari, soksi kwenye kamba. Akaona raha mpaka akaona haya. Kumbe lile jitu halikuwa pumbavu hivyo.

Taa za barabarani zikawaka. Kamba ya buti ya kushoto ikalegea, akataka kusimama aifunge.

Miguu haikusimama. Mji ulikuwa haujaisha.